Mliopasuliwa kichwa mkaambiwa mmepona lakini kichwa hakiachi kuuma, tukutane hapa

Ticha Mkongwe

Wakuu habari za mihangaiko. Uzi huu sio wa kuomba michango wala sio wa kutangaza dawa, natafuta watu waliofunguliwa kichwa tu, iwe uvimbe, iwe damu iliyoganda baada ya ajali, iwe chochote kile, ambao dokta ameshawaambia mmepona ila kichwa kinauma mpaka leo. Wasiohusika mnakaribishwa kusoma ila vichekesho pelekeni jukwaa la mapenzi.

Mimi nilikuwa na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, ule unaotoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo. Sio kansa. Ilianza sikio moja kupoteza usikivu kidogo kidogo, nikaambiwa ni nta, nikasafishwa, nikapewa matone, alafu kikaja kizunguzungu na mlio wa fiiii usiku kucha, ndo ikapigwa picha ya MRI wakauona. Wakapasua nyuma ya sikio pale mfupa unapokaribiana na shingo wakautoa. Sikio lile halisikii tena kabisa, hilo nimeshalikubali na wanafunzi wangu nao wameshajua upande wa kunong'onea.

Kisichokubalika ni kichwa. Kinaanzia kwenye mshono, kinapita kisogoni, kinakuja kutulia nyuma ya jicho la upande huohuo. Nikikohoa kinagonga. Nikiinama kusahihisha madaftari nusu saa tu shingo inakaza na ndo imetoka hiyo, sijazungumzia jua la mstarini. Ngozi ya juu ya sikio ina ganzi lakini ukigusa mshono wenyewe narushwa. Nimerudi kliniki, CT safi, MRI safi, uvimbe haujarudi, naambiwa mwalimu umepona nenda kapumzike. Sawa nimepona, sasa hiki kinachouma ni cha nani?

Kazini ndo kabisa. Kovu limefunikwa na nywele, mtu anakuona umesimama na chaki mkononi, ukiomba kutoka mapema unaonekana mvivu. Ningekuwa na magongo mawili wangeniletea kiti.

Maswali yangu. Kuna mwingine mwenye hali hii? Huwa inaisha? Mnatumia nini?

bodaboda mstaafu

Pole sana ticha, umenikuta. Mimi ni pikipiki, usiku, mvua, fuso haina taa ya nyuma, nikaamka wodini nimeshanyolewa kipara. Wakasema damu ilivujia kati ya fuvu na ubongo ikabidi wafungue waitoe. Sa hivi natembea, naongea, nakula, mke wangu anasema hadi ubishi umerudi wote, lakini kila siku mchana kuanzia saa saba hivi inakuja pale pale walipokata, kama mtu anakaza nati na hajui kuacha. Helmeti ndo usiseme, inabana juu ya kovu, nilijaribu kurudi barabarani nikashindwa, nikauza pikipiki nikafungua genge.

Na kelele. Zamani nilikuwa nalala chini ya spika, siku hizi mtoto akiburuza kiti tu nahisi kulia.

Mti Mkavu

Ticha samahani lakini ushawahi kujiuliza huo uvimbe ulitoka wapi? Mtu mzima haoti kitu kichwani bure bure. Angalia kazini kwako kuna mtu anataka nafasi yako. Hospitali wanatoa uvimbe, aliyeutuma yupo. Njoo inboksi.

Ticha Mkongwe

Nafasi yangu mimi ipi, zamu ya bweni la wavulana? Akija anayeitaka namkabidhi na funguo leo leo.

Kitabu Wazi

Hahaha. Ticha nina mchango mdogo, mimi sio mgonjwa ila kaka yangu alipitia nikawa nasoma sana wakati ule. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba ubongo wenyewe hauumi, hauna kabisa vile vipokezi vya maumivu. Ndio maana kuna upasuaji mgonjwa anakuwa macho anaongea na dokta huku kichwa kiko wazi, wanampiga ganzi ya ngozi tu. Yule daktari Wilder Penfield wa Montreal kule Kanada, aliyeanzisha taasisi yao ya ubongo mwaka 1934, alikuwa anagusa ubongo wa mgonjwa wa kifafa sehemu moja baada ya nyingine kwa umeme mdogo na mgonjwa anamwambia sasa nahisi mkono unacheza, sasa nasikia muziki, maumivu hakuna.

Kwa hiyo kinachokuuma ticha sio ubongo. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, misuli, ule utando mgumu unaofunika ubongo, na mishipa yake. Na hivyo ndivyo vilivyokatwa ili wafike ndani. Skani inaangalia ubongo, inakuta safi, inasema kweli. Na wewe unasema kichwa kinauma, unasema kweli vilevile.

Ticha Mkongwe

Mkuu Kitabu Wazi hii aya yako ya mwisho naiprinti naiweka ofisini kwa mkuu wa shule.

Sista wa Zamu

Nimesoma uzi wote, naomba nichangie kama mtu niliyefanya wodi ya upasuaji wa ubongo miaka kadhaa, ila mimi sio daktari wenu na sijawaona, kwa hiyo msiyabebe maneno yangu mkaacha kliniki.

Hali hii ipo na inatambulika. Kwenye mwongozo wa kimataifa wa kuainisha maumivu ya kichwa, toleo la tatu lililotoka 2018, yana kipengele chake kabisa: maumivu yanayoanza ndani ya siku 7 baada ya kufunguliwa fuvu, na yakizidi miezi 3 yanahesabika ni ya kudumu. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna ugonjwa wa hivyo aliyekuambia hajausoma. Na ticha, sehemu uliyopasuliwa wewe, nyuma ya sikio, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuacha maumivu kuliko ukifunguliwa juu au mbele. Sababu ziko kadhaa na mara nyingi zinachanganyika. Pale inapita mishipa ya fahamu ya kisogo, inayopanda kutoka shingoni kuja kwenye ngozi ya kichwa, ikikatwa au ikinaswa kwenye kovu ndo unapata ganzi hapa na kurushwa pale. Misuli ya shingo nayo inabanduliwa kwenye mfupa, na kama mfupa haukurudishwa misuli inaweza kuja kugandana na ule utando wa ubongo, ukigeuza shingo au ukikohoa unavutwa. Ndo maana sehemu nyingine siku hizi wanarudisha mfupa au wanaweka kiraka. Alafu baada ya hapo mtu anaanza kuishi ameikaza shingo kwa kuogopa maumivu, na kukaza kwenyewe kunaleta maumivu mengine mapya juu ya yale.

Sasa nina swali moja na ujibu kweli maana hapa hakuna anayekujua. Kwa mwezi unakunywa dawa za maumivu siku ngapi?

Ticha Mkongwe

Siku ngapi tena sista, kila siku. Panadol ni asubuhi na jioni kama mswaki haikosi. Kikizidi nachoma diklofenaki. Kikizidi tena kuna kijana ana duka la dawa mtaani ananipatiaga tramado, ile dawa kali ya maumivu, hiyo ndo inanilaza.

bodaboda mstaafu

Mimi natumia zile za kwenye pakti zenye kafeini ndani, zinawahi. Kila siku mchana.

Sista wa Zamu

Nilijua tu. Sasa kaeni vizuri wote wawili.

Kuna maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa za kichwa zenyewe. Sio utani. Mtu ambaye tayari ana kichwa cha kuuma, akinywa dawa za kawaida kama panadol au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, kichwa kinazoea. Dawa ikianza kuisha mwilini kinauma kudai nyingine, unakipa, kesho kinadai tena. Kwa zile za mchanganyiko zenye kafeini na za jamii ya tramado ni mapema zaidi, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Haijalishi unakunywa kimoja au vinne, zinazohesabiwa ni siku.

Na hapo sijagusa mengine. Diklofenaki ya kila siku inatoboa tumbo na inachosha figo na presha inapanda. Panadol mtu mzima asizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayekunywa pombe au mwenye ini bovu ni chini ya hapo. Tramado kwa mtu aliyepasuliwa kichwa ndo inayonitisha kuliko zote, kwa sababu inashusha kizuizi cha degedege. Kovu la ubongo tayari lina uwezekano wa kuleta kifafa, wewe unaongezea. Alafu hiyo ni dawa ya cheti, kijana wa duka hana mamlaka ya kukuuzia hata kama ana roho nzuri.

Ticha Mkongwe

Sista hapo umeniacha. Dawa ya kichwa ndo iumize kichwa? Kwa hiyo nisipokunywa ndo nipone? Jaribu kufundisha darasa la watoto 80 bila panadol na mshono unagonga uje uniambie habari ya siku 15. Mimi kilikuwa kinauma kabla sijaanza kunywa kila siku, sikuanza kwa starehe.

Sista wa Zamu

Sijasema hukuwa na maumivu ticha. Maumivu ya mshono ni ya kweli na yalianza yenyewe. Ninachosema juu yake kumepandishwa mengine, na hayo ya pili ndo yanafanya dawa ya yale ya kwanza isifanye kazi. Jiulize, panadol ya sasa inakupa nafuu sawa na ile ya mwezi wa kwanza? Asubuhi ukiamka, kabla hujafanya lolote, kichwa kikoje?

Ticha Mkongwe

Asubuhi naamka nacho.

Binti Chumbageni

Ngoja na mimi niingie maana nimekuwa nasoma kimya kimya. Wifi zangu wananiita robo kichwa kwa utani na nimewazoea.

Mimi nilifunguliwa upande, kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio, kulikuwa na uvimbe juu ya utando. Hakuna aliyeniambia kwamba msuli wa pale ndo msuli wa kutafunia. Nimetoka hospitali siwezi kufungua mdomo vidole viwili vikaingia, nikila nyama kichwa kinauma, nikipiga miayo kichwa kinauma, nikadhani wameniharibu. Kumbe msuli ulikatwa na unataka mazoezi, nikafundishwa na watu wa fiziotherapia kufungua na kufunga taya taratibu, kuweka kitambaa cha moto, nikarudi kula mahindi ya kuchoma. Mdogo mdogo, sio wiki moja.

Kwenye dawa mimi na sista ni kitu kimoja. Nilipelekwa kwa dokta wa mishipa ya fahamu akaniuliza swali hilohilo la siku ngapi kwa mwezi. Akanitoa kwenye diklofenaki akanianzishia amitriptilini usiku. Sasa mimi si mjuaji, nikafungua ile karatasi ya ndani nikaona imeandikwa ya sonona. Nilikasirika! Nikasema huyu ananiona chizi. Mama yangu akasema usinywe hizo dawa za Mirembe, za hospitali ya vichaa. Ikakaa kabatini muda mrefu huku nateseka.

Sista wa Zamu

Hilo la dawa za Mirembe linatukwamisha wengi mno. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ilianza kama dawa ya sonona kwa dozi kubwa, 75, 100, 150. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na vichwa vya kila siku inatumika dozi ndogo, wanaanzia miligramu 10, au kile cha 25 kinakatwa nusu, jioni. Kazi yake sio kutuliza maumivu ya leo, inashusha kelele ya mishipa, na inataka wiki kadhaa. Wengi wanainywa siku 4 wanasema haifai. Kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, usingizi unazidi, uzito unaweza kupanda. Mwenye shida ya moyo, presha ya macho, wazee wenye tezi dume wanaopata shida kukojoa, na mwenye kifafa, lazima amwambie dokta kabla, sio kuazimana na jirani. Zipo nyingine pia, propranolol kwa vichwa vya aina ya kipandauso ila sio kwa mwenye pumu, gabapentini kwa hayo ya kurushwa. Uchaguzi ni wa dokta anayekujua.

Binti Chumbageni

Kinywa kukauka ni kweli, natembea na chupa ya maji mpaka msibani. Na mwanzo nilikuwa naamka nimelewa. Dokta akasema usisubiri kwenda kulala, kunywa mapema kidogo, saa mbili usiku, ndo nikaanza kuamka na akili zangu. Kichwa hakijaisha ticha nisikudanganye. Ila zamani kilikuwa hakiondoki, sasa kinakuja na kuondoka, na kikija nakifahamu kimeletwa na nini, kukosa usingizi, kushinda na njaa, kusuka.

Kusuka hiyo wadada mnaosoma, rasta na nywele za kubana juu ya kovu ni kujitafutia. Mimi nimekata nimebaki na kipilipili changu. Watu wanasema nimeokoka.

mkaazi wa Kisauni

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Bara na Pwani. Mie naandika kwa niaba ya mzee wangu, mume wangu, hapa Mombasa. Alianguka akitawadha, hatukufikiria neno, akakaa wiki kadhaa kisha akaanza kusahausahau na mguu mmoja kuburura, kumbe damu yavuja ndani pole pole. Akatobolewa tundu mbili ikatolewa na alhamdulilahi akili yote yamrudia. Lakini kichwa chamuuma hadi leo, na mwezi wa Ramadhani ndio balaa, ikifika alasiri yuwashika ukuta. Hataki kusikia habari ya kuacha kufunga. Mwanifahamu? Nimfanyeje?

Sista wa Zamu

Waalaykum salaam bibi. Mzee anakunywa kahawa?

mkaazi wa Kisauni

Kahawa chungu, vikombe hata sivihesabu, barazani na wenzake.

Sista wa Zamu

Basi sehemu ya alasiri hiyo ni kahawa. Mtu aliyezoea kafeini kila siku akikatiwa ghafla kichwa kinamuuma hata kama hajawahi kupasuliwa. Aanze kupunguza Shaabani, mwezi wa kabla, taratibu, sio siku ya kwanza ya Ramadhani. Ale daku, anywe maji ya kutosha usiku, dawa ya usiku aipange baada ya futari. Lakini kuna jambo moja kubwa, kama ana dawa za kuzuia degedege hizo hazirukwi wala hazisogezwi bila dokta. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini, nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi, shehe wake na dokta wake wakae lugha moja. Na kwa umri wake, damu ya aina hiyo inaweza kujikusanya tena, kwa hiyo akianza tena kusahau, kusinzia mchana, au mguu kuburura, msiseme ni swaumu. Siku hiyohiyo skani.

mkaazi wa Kisauni

Ahsante mwanangu. Nitamwambia ya kahawa, japo hapo ndipo tutagombana.

mama pacha

Samahani naingia na swali la mtoto. Wangu mmoja alizaliwa na kichwa kikubwa akawekewa mpira wa kupitishia maji kutoka kichwani kwenda tumboni. Yuko darasa la pili anasoma vizuri. Majuzi amelalamika kichwa asubuhi akatapika, mchana akawa mzima. Nimpe panadol niangalie?

Sista wa Zamu

Mama pacha usisubiri. Mtoto mwenye mpira akiumwa kichwa na kutapika asubuhi, hata kama mchana anacheza, wa kwanza kushukiwa ni mpira, umeziba au umekatika. Leo hii hii uwe hospitali yenye madaktari wa upasuaji wa ubongo, na akianza kusinzia sana au macho kwenda chini usingoje hata dakika. Hii sio ya kwenye uzi.

Na niseme hapa kwa wote maana tumekaa tunazungumzia vichwa vya miaka kama vile vyote ni vya kuzoea. Kuna vya kuzoea na kuna vya kukimbia navyo. Kichwa kilichobadilika tabia ghafla, au kibaya kuliko vyote ulivyowahi kupata. Chenye homa na shingo kukakamaa, au mshono unaotoa usaha. Chenye kutapika na kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, degedege, kuchanganyikiwa. Maji maangavu yanayotiririka puani, sikioni au kwenye kidonda, yana chumvichumvi, hayo ni maji ya ubongo yanavuja. Pia angalia mkao: kinachouma ukisimama na kuacha ukilala kinaashiria kuvuja, kinachouma zaidi ukilala na alfajiri kinaashiria msukumo umepanda. Yote hayo ni hospitali.

Mti Mkavu

Watu mnaandika sana. Babu yangu alikuwa anachanja kichwa mara moja kinaisha.

bodaboda mstaafu

Mti Mkavu kwenye fuvu langu kuna sehemu hakuna mfupa kaka, babu akichanja pale anakutana na mawazo yangu.

Ticha Mkongwe

😂😂 Bodaboda umeniumiza mshono kwa kucheka.

Mama pacha leta taarifa tafadhali.

mama pacha

Tumelazwa. Mpira uliziba kweli. Wamebadilisha, anaongea, anadai juisi. Sista Mungu akubariki sana siwezi kuandika zaidi.

Ticha Mkongwe

Wakuu nimerudi, najua nilipotea, shule zilifunga zikafunguliwa na mimi nilikuwa kwenye mapambano.

Nilikwenda kliniki, sio ile ya upasuaji, ya mishipa ya fahamu. Nilichofanya safari hii sikwenda kusema "kichwa kinauma", nilikwenda na daftari. Kila siku nimeandika kimeanza saa ngapi, wapi, nimekunywa nini, nimefanya nini kabla. Dokta alilishika lile daftari akalisoma kwanza kabla ya kuangalia skani, na ndo mara ya kwanza mtu aliniuliza maswali ya maana. Akabonyeza kisogoni sehemu moja kwa kidole, nikapiga kelele, akasema hapo hapo. Akanichoma sindano ya ganzi kwenye ule mshipa wa kisogo. Jamani, ilichukua dakika chache nusu ya kichwa ikafa ganzi na maumivu yakanyamaza, nikakaa kwenye benchi nje nikimuangalia mlinzi tu, sijui nilikuwa nasubiri nini. Ganzi iliisha siku ileile lakini nafuu ilikaa wiki kadhaa. Ilirudi, ila haikurudi yote.

Tramado na diklofenaki nimeacha. Tramado dokta alinishusha taratibu, alisema mtu anayeitumia mara kwa mara hakati siku moja. Sista ulichosema kuhusu dawa ni kweli, ila siku za mwanzo za kuacha ni jehanamu, kichwa kiliuma kuliko wakati wote, nilimtukana kila mtu nyumbani na wewe nilikutukana huku kimoyomoyo. Ilikuwa likizo ndo maana niliweza, katikati ya muhula nisingethubutu na simshauri mtu. Baada ya kama wiki mbili hivi niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani natafuta kichwa changu kinauma wapi, sikukipata mpaka saa nne.

Sasa niko kwenye ile dawa ya Mirembe ya Binti Chumbageni 😀 dozi ndogo usiku. Panadol nimepangiwa siku mbili kwa wiki basi, nachagua siku zangu kwa ubahili. Fiziotherapia ya shingo nafanya, na madaftari sisahihishi tena nimeinama, fundi kaniundia kimbao cha mshazari juu ya meza.

Kuhusu kazi, dokta aliandika barua, hakuandika mambo mengi, aliandika kwamba nina maumivu ya kudumu yatokanayo na upasuaji na nisipangiwe kazi za juani na za usiku. Mkuu wa shule aliisoma akaniuliza "kwa hiyo kumbe ni ugonjwa?" Nikamwambia ndio. Zamu ya bweni kapewa mwingine. Mti Mkavu, sasa kweli kuna mtu ananichukia kazini.

Binti Chumbageni

Nimecheka. Hongera ticha. Mimi hiyo sindano naitaka lakini naogopa, yaani sindano kichwani tena? Inauma?

Ticha Mkongwe

Inauma pale inapoingia na dawa inapoanza kusukumwa, unahisi kubanwa. Sio ndani ya fuvu, ni chini ya ngozi tu. Ukikaa ukikumbuka ulishakatwa mfupa hii utaiona kichekesho. Ila kwako wewe wa panja sijui kama ni mshipa huohuo, muulize dokta.

Sista wa Zamu

Sio huohuo, mbele na pembeni ina mishipa yake, ila inachomeka pia kwa anayeijua. Asichome mtu yeyote tu. Kama pale ulipopasuliwa mfupa haukurudishwa lazima aambiwe kabla hajashika sindano. Bodaboda nakusema wewe hasa.

bodaboda mstaafu

Nimesikia sista. Na je kuweka huo mfupa au kiraka baadaye kunasaidia kichwa? Maana mimi nikiinama pale panabonyea na nikisimama panacheza, na ndo panapouma.

Sista wa Zamu

Kuna wanaopata nafuu, maana ngozi na utando vinaacha kuvutwa na hewa ya nje na mkao. Na pia unakuwa na kinga, sa hivi ukijigonga pale ni ubongo moja kwa moja. Rudi kwa waliokupasua uulize habari ya kiraka, beba karatasi zako za ruhusa na CT ya mwanzo, wasianze upya. Na dawa za pakti umefikia wapi?

bodaboda mstaafu

Nimepunguza. Mke wangu ndo anashika pakti, ananipa kwa kukaguliwa. CT ya mwanzo ilibaki kwa shemeji Mbeya, naifuata mwisho wa mwezi.